Wanaohama na Wanaonyemelea Mlima

Harufu iliyonitoa usingizini Desemba ile ilikuwa ya begi la mgongoni la Baba mdogo: jasho la zamani, moshi wa mafuta ya taa, na uvundo wa turubai lililokunjwa likiwa bichi. Lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu, nyumbani kwetu Sofu. Baba mdogo alikuwa mpagazi Kilimanjaro mpaka goti lilipomharibikia, ndipo akaja kwetu Kibaha kufungua kiduka cha sukari na sabuni. Lakini mlima haukumtoka. Akipima sukari, macho yalikuwa juu ya paa la jirani, kama vile kuna kitu kule.

Jioni alitusimulia, mimi na Zuhura, aliyekuja kwetu likizo; mama yake ni shangazi yangu, aliyeolewa Kisarawe. Kwa maneno yake, wapandaji ni wa aina mbili. Wapo wanaohama: mahema, majiko, viti, wapagazi kibao, wanapanda kidogo, wanashuka kulala chini ili mwili uzoee, na kwenye milima mikubwa ya nje wanafunga kamba njia nzima. Na wapo wanaonyemelea: watu wawili, kamba moja, mzigo mdogo, wanaondoka kabla mlima haujawaona. Zuhura aliwapenda hao wa pili. Mimi niliwapenda wa kwanza, labda kwa woga tu, sijui. Baba mdogo hakuegemea upande. Wanaohama ndio waliomlisha, alisema, na wanaonyemelea ndio aliowaonea wivu.

Krismasi ile alikuwa anarudi Marangu, kwao chini ya mlima, kama ndugu zetu wa huko wanavyorudi kila mwaka, akaahidi kumpandisha mtoto mmoja hadi kituo cha kwanza. Mmoja tu, maana goti lile lisingeweza kuangalia wawili kwenye utelezi. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakishuki.

Ili aamue, alitupeleka kwenye kilima nyuma ya mihogo ya shangazi, Kisarawe. Nilibeba maji, viazi, khanga mbili na mwavuli. Zuhura alibeba kipande cha muwa. Aliniangalia nilivyoinama, akauliza, "Dada, unapanda au unahama?" Hata Baba mdogo alicheka. Kisha akatupa sharti la mlimani: kichwa kikianza kuuma, sema, anayenyamaza ndiye anayeshushwa kwa machela.

Zuhura akapotea mbele. Mimi nilikwenda taratibu, jua likinipiga utosini, na pale jiwe la kileleni lilipoonekana, kichwa kikaanza kugonga. Nilitembea kidogo nikijifanya sijasikia. Halafu nikageuka nikamwambia. Baba mdogo akanikalisha kivulini, akanisifu. Zuhura akashuka mbio kutoka juu, midomo imekauka, akamaliza maji yangu yote. Moyoni nikasema basi, sharti nimelitii, na mzigo wangu ndio uliomfaa. Nafasi ni yangu.

Akamchagua Zuhura. Nilimuuliza kwa nini, na mimi ndiye niliyesema kweli.

"Umesema kweli, mwanangu," alinijibu kwa upole. "Na ukweli wenyewe ni kwamba kichwa kinakuuma hapa hapa Kisarawe. Ukizidiwa kule, na goti hili, nitakubebaje?"

Sina la kumlaumu, nimetafuta, sikuliona. Zuhura naye alipanda kwa miguu yake, hakuniibia kitu. Ila sikutulia tena. Je, ningenyamaza?

Sasa naishi Mbwawa, Kibaha hiyo hiyo, nashona sare za shule. Kila Desemba mabasi ya kaskazini yakipita barabara kuu, kituo cha Kwa Mathias, cherehani inanishinda, natoka nje, narudi, natoka tena. Baba mdogo ametangulia mbele ya haki. Zuhura anaongoza wageni mlimani, na mwaka jana aliniita. Nikaenda na mizigo yangu. Yeye alivaa begi lile lile la zamani. Kituo cha kwanza hakijaonekana, kichwa kikaanza. Nilisimama kwenye ukungu. Kusema kulikuwa kugumu kuliko utotoni, maana sasa nilijua bei yake.

"Kinauma," nikasema.

Hakuniambia nijikaze. Alitazama juu mara moja, akanivua mzigo, akauvaa kifuani, begi la Baba mdogo mgongoni. Magoti yake mazima.

"Haya, Dada," akasema, "tuhame." Tukaanza kushuka.