Kitenzi Kilichonipeleka Jela

Niliwahi kufungwa miaka miwili bila kukanyaga jela. Hakimu wangu alikuwa kitenzi.

Nipo Deventer, Uholanzi, nilikomfuata mke wangu Marloes. Mgongo ulikuwa umeniweka ndani miaka miwili. Sina kazi, naona aibu hata kufungua friji.

Nikaitwa usaili kwenye duka la mikate la Bi Wolbers.

"Miaka miwili hii ulikuwa wapi, Ilko?"

Nilitaka kusema nilikaa tu nyumbani. Kukaa kwa Kiholanzi ni zitten. Ukisema zat, ulikaa kitako kama watu wengine. Ukisema heb gezeten ukaishia hapo, umenyea debe jela.

Mimi nikachagua ile ndefu, nionekane nimesoma.

"Ik heb gezeten."

Bi Wolbers akaweka kikombe chini. "Unajuta?"

"Kila siku, mama. Dirisha lilikuwa moja tu."

"Basi kazi umepata. Hapa naajiri waliokaa tu. Mimi mwenyewe nimekaa miezi kumi na minne."

Nikampa pole ya mgongo.

Jioni Marloes alinieleza nilichosema, akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nikisema ukweli, kazi sina.

Wenzangu wakataka kujua kosa langu. Nikabuni wizi wa baiskeli.

"Ngapi?"

"Mia nne."

Kila tukinywa kahawa nilikuwa naongeza uongo mwingine. Nilichoka, wallahi.

Aliyenitisha zaidi ni Nuno, Mreno mwenye shingo nene. Ilisemekana kala mvua saba. Haongei na mtu.

Siku moja mlango wa stoo ya unga ukajifunga, mimi na yeye ndani. Kitasa kikabaki mkononi mwangu.

Nuno akaanza kuupiga mlango ngumi. "Nitoe! Nakufa!"

"Wee, umekaa miaka saba, unaogopa stoo?"

"Hiyo saba nilikaa kwa mama yangu! Nilikosea kitenzi!"

"Hata mimi, kaka. Sijaiba hata kengele ya baiskeli."

Mlango ukafunguliwa kwa nje. Bi Wolbers, mikono kiunoni.

"Kumbe aliyefungwa hapa ni mimi peke yangu?"

Nikaiona kazi yangu hiyoo inaondoka.

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaufunga mlango tena.

"Kaeni humo saa nzima," akasema kwa nje. "Mkitoka, hamtakuwa waongo tena."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi naongeza: ukishajikwaa, sema mapema.

Leo ni mwaka wa sita nipo pale pale. Na mtu akiniuliza, namjibu kwa haki kabisa: ik heb gezeten.