Farasi Aliyekosa Majani Mabichi

Baada ya uhuru, Mbelgiji mwenye shamba la pamba nililofanyia kazi ya kutunza farasi aliondoka, akaniachia farasi jike mmoja. Waasi walipoingia bonde la Ruzizi, mke wangu alikimbia na watoto kwenda Lemera, juu milimani. Mimi nilibaki. Yule farasi hangeweza kupanda milima, na sikuwa na moyo wa kumwacha.

Nilimfungia bandani asionekane, nikamlisha nyasi kavu na pumba za mahindi. Miezi ikapita. Mapaja yake yakakonda, miguu ikatetemeka kila aliposimama, na alilala chini muda mrefu ingawa alikula vizuri. Katika nyumba zote za wafanyakazi, moshi ulitoka kwangu peke yangu.

Siku moja alipita mganga wa mifugo aliyekuwa akikimbilia Bijombo. Akampapasa paja.

"Anakulaka nini?"

"Nyasi ya kukauka tu. Miye naogopa kumutoa inje."

"Basi anakosa vitamini, ile ya E. Iko mu majani mabichi. Bila ile, misuli inakufa."

Tangu hapo nilikata majani ukingoni mwa mto kila alfajiri, nikayabeba kichwani. Kutetemeka kulipungua, lakini mapaja hayakujaa tena. Askari wa waasi waliokuja kumchukua walimtazama akijikongoja, wakaondoka bila yeye.

Mke wangu aliporudi alinikuta bandani nikimsimulia farasi habari za mvua. Alisimama mlangoni, akaningoja nimalize.