Siku Hoteli Ilipouliza Mama ni Nani

Mimi hupika kwenye kafeteria ya chuo kimoja hapa Eldoret. Sipiki kitu cha kusifiwa. Ni ugali, kabeji na maharagwe, na Ijumaa ni wali ambao wanafunzi hulalamika una mawe. Mawe hutoka kwenye gunia, si kwangu. Umri wa kuacha kazi nilishaupita lakini sijaacha, kwa sababu kuna mjukuu wangu wa kike ambaye nimemlea tangu akiwa na miaka mitatu, mama yake alipoenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba.

Mambo haya yalitokea mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake, binti yangu wa pili, alipiga simu akasema anakuja likizo ya wiki tatu. Halafu akasema neno ambalo hakuwahi kulisema miaka hiyo yote.

"Mama, nimechoka na nyumba za watu. Nikikuja, nikiona mtoto amenikubali, sirudi tena. Nitapanga nyumba hapo hapo mtaani Munyaka nikae naye."

Nikamwambia aje tu. Mimi si mtu wa kumwagia watu maneno matamu kwa simu. Lakini alipokata nilibaki nimeishika muda mrefu, mpaka mtoto akaniuliza kama nimepigiwa juu ya msiba.

Mpango wa binti yangu ulikuwa huu. Akifika, ampeleke mtoto Nairobi, mahali pale pa michezo ambapo watu hupandishwa kwenye mashine na kuzungushwa, kisha walale hotelini siku mbili, wao wawili peke yao. Alitaka wajuane bila mimi kusimama katikati. Sikukasirika. Mtoto akiwa na mimi hamwangalii mtu mwingine usoni.

Kazini nilisema habari hiyo mara moja tu, na ikatosha kwa wiki nzima. Mwenzangu anayepika chapati alikuwa amewahi kwenda mahali kama hapo na akina mama wa kanisa lao, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau.

"Hiyo kitu inakubeba juu, Mama, halafu inasimama. Inasimama kabisa! Unaona mabati ya Nairobi yote. Halafu inakuachilia."

"Inakuachilia wapi?"

"Chini! Tumbo inabaki huko juu. Mke wa mchungaji alipiga nduru mpaka wigi ikaruka, ikashikwa na mtu wa viazi."

Msichana wa kuosha vyombo akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Na chakula wanakulanga nini huko?"

"Chipsi. Chipsi na soseji, chipsi na kuku, chipsi na chipsi. Ukiuliza ugali wanakuangalia kama umetoka msituni."

"Afadhali hii kabeji yetu," nikasema.

"Kabeji yako, Mama, hata nguruwe atauliza kama hakuna kitu ingine."

Nikamwambia chapati zake zinaweza kutengenezwa soli za viatu, tukaendelea na kazi. Ndipo akasema lile jambo, kwa sauti ile ile ya mchezo, huku akisukuma unga.

"Lakini mwambie msichana wako abebe cheti cha mtoto. Hoteli siku hizi wana sheria ya miaka. Mtoto wa chini ya kumi na mbili analala na mama yake kitanda moja, hiyo ni sawa. Lakini mtoto yeyote hajafika kumi na nane, lazima waone cheti cha kuzaliwa, wajue ni wako. Watu wanaiba watoto, Mama."

Nikaendelea kusonga ugali. Ugali wa watu mia mbili hauachwi katikati ati kwa sababu moyo umeruka.

Hicho cheti nilikuwa nacho mimi, chini ya godoro, ndani ya karatasi ya plastiki. Mtoto alipofika darasa la tatu, mwalimu alisema bila cheti hawezi kuingizwa kwenye kompyuta ya serikali, na bila kompyuta hatafanya mtihani. Kadi ya kliniki ilikuwa imelowa mvua ikaoza. Nikaenda kwa chifu nikapata barua, nikaenda kanisani nikapata kadi ya ubatizo, nikapanga laini kwenye ofisi ya usajili siku mbili. Siku ya pili kijana wa pale dirishani akaniuliza mama wa mtoto ako wapi. Nikasema Uarabuni. Kitambulisho chake? Amekwenda nacho. Baba? Baba alimkataa hata kabla hajazaliwa.

"Basi tukuandike wewe, Mama. Si ni wewe unamlea? Wengi wanafanya hivyo."

Na ni kweli wengi wanafanya hivyo. Hapa mtaani ninawajua bibi watano ambao kwenye karatasi wamezaa wakiwa na miaka hamsini. Niliandika jina langu mahali pa mama, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha kwamba mtoto atafanya mtihani. Sikumwambia binti yangu. Wakati huo alikuwa akipiga simu akilia kwamba mwajiri amemnyima siku ya kupumzika, na mimi nikaona hiyo si habari ya kumwongezea. Baadaye aliacha kulia, na nikaona hakuna haja tena. Huo ndio ukweli wote. Sina mwingine wa kuupamba.

Nilete mbele pia jambo hili, kwa sababu watu hufikiri nilitaka kumnyang'anya mtoto. Sikutaka. Mtoto mwenyewe siku zote aliniita kukhu, jinsi sisi Waluhya tunavyomwita bibi. Akiteleza akaniita mama nilimkemea. "Mama yako yuko kazini," nilimwambia. "Mimi ni kukhu." Nilimkemea hivyo mpaka akazoea.

Binti yangu akafika, amekonda, na koti zuri. Siku ya kwanza mtoto alimsalimia kwa mkono na kurudi nyuma ya mlango. Siku ya tatu nikawakuta jikoni, mama yake anamsuka nywele. Walikuwa wakibishana juu ya mashine gani watapanda kwanza. Mtoto alitaka ile inayokwenda juu na kuachilia. Mama yake akasema atapanda hiyo akiwa amekufa. Mtoto akacheka kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitoa kwake. Nilisimama uani na ndoo yangu nikasikiliza. Hapo ndipo ningesema. Ningeingia niseme, kuna karatasi moja unapaswa kuiona. Lakini kichwa cha mtoto kilikuwa mapajani mwake, na nusu ya nywele ilikuwa bado.

Siku ya safari nilimpa binti yangu cheti cha kuonyesha hotelini, ndani ya bahasha, nikiwa nimeifunga kwa gundi. Nilijiambia hawa watu wa ofisi hawasomi. Maisha yangu yote nimeona wanaangalia muhuri, wanapiga nakala, wanakurudishia. Binti yangu aliitia kwenye mkoba bila kuifungua, akasema asante. Wakaondoka asubuhi na baridi ile ya Julai, mtoto akiwa amevaa kofia mbili.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeketi nikichagua maharagwe, mvua inapiga mabati, simu ikalia.

"Mama," akasema binti yangu. Hakupaza sauti. "Hii karatasi imeandikwa wewe."

"Ndiyo."

"Imeandikwa wewe, Mama. Mimi siko."

Kabla sijajibu, simu ikachukuliwa na msichana mwingine, wa mapokezi, mwenye adabu nyingi. Akasema habari ya jioni. Akasema sheria yao ni kwamba mtoto ambaye hajafika miaka kumi na minane halali pale bila mzazi aliyeandikwa, au ruhusa yake. Akasema wanafanya hivyo kwa usalama wa watoto na anaomba radhi kwa usumbufu. Simu alikuwa ameiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Kwa hivyo, Mama, nikuulize tu. Wewe ndiye mama mzazi wa mtoto huyu?"

Nikasikia mtoto akisema, "Kukhu?"

Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikisema hapana, basi karatasi ni ya uongo, na mtu aliyesimama pale na karatasi ya uongo mkononi, isiyo na jina lake, ni nani kwa mtoto? Wangeita polisi. Nikisema ndiyo, watalala.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ndiye mama."

"Na huyu aliye naye?"

Nilimsubiri binti yangu aseme. Nikasikia watu wengine wakivuta mizigo kwa magurudumu.

"Ni dada yake," nikasema.

"Dada mkubwa?"

"Mkubwa. Nimewaruhusu."

Msichana wa mapokezi aligeuzageuza karatasi. Nadhani alikuwa akiangalia miaka yangu na ya mtoto, akipiga hesabu. Kisha akasema sawa, Mama, asante sana, watalala. Kabla simu haijakatwa nikamsikia akimwambia binti yangu, kwa upole ule ule, "Jaza hapa, dada. Hapa penye uhusiano na mtoto. Andika tu, dada."

Maharagwe niliyachagua yote mpaka yakaisha, nikayachagua tena.

Walirudi Jumatatu. Mtoto aliingia mbio, analeta kelele. Alisema amepanda gurudumu kubwa mara mbili na yale magari ya kugongana mara tano. Ile ya kuachilia walimkataza kwa sababu kuna ubao uliochorwa mstari na kichwa chake hakikufika, alibakisha kiganja kimoja. Alisema asubuhi hotelini unajipakulia mwenyewe chakula chochote, hata keki, na hakuna mtu wa kukuuliza. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni anafungua viatu, anafungua kamba moja kwa muda mrefu.

"Na Kukhu," mtoto akasema, akijivuna, "kila mahali tulipoulizwa, nilisema ni sista yangu. Kwa tiketi, kwa chakula, hata kwa yule mama wa kuuza baluni. Ndio wasitufukuze. Sikukosea hata mara moja."

Nilimwambia aende akaoge.

Usiku huo hatukuzungumza, wala kesho yake. Binti yangu alifua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, nikainua macho kutoka kwenye sufuria nikamwona kwenye laini ya kafeteria, katikati ya wanafunzi, ameshika sahani kama wao. Alipofika kwangu akasema, "Maharagwe peke yake, Mama. Kabeji hapana." Nikampakulia, nikamwachia mwenzangu upawa, nikaenda kuketi naye kwenye meza ya karibu na mlango.

"Nitakwenda ofisini tubadilishe," nikaanza mimi. "Nitachukua siku kutoka kazini."

"Nimeshaenda. Nilienda jana." Alikula kidogo. "Wanataka wakili. Wanataka kupima damu zetu sote. Wanataka barua kwamba wewe ulidanganya. Wanasema unaweza kushtakiwa."

"Nishtakiwe basi."

"Na miaka yako hiyo?"

"Miaka yangu inahusu nini?"

Akatikisa kichwa. Mwanafunzi mmoja akapita akanisalimia, nikamjibu bila kumwangalia.

"Mama, ungeniambia."

"Ningekuambia nini, na wewe ulikuwa huko unalia?"

"Ungeniambia tu."

Mimi ni mtu wa kujibu. Wanafunzi wananijua, wapishi wananijua. Lakini hapo nilimwangalia tu akiponda maharagwe kwa uma, moja moja, kama alivyofanya akiwa mdogo alipokuwa hataki kula.

"Mwajiri alinipigia," akasema. "Nimekubali. Ni mkataba wa miaka miwili."

"Ulisema mtoto akikukubali hurudi. Si amekukubali? Si umemsikia anavyocheka?"

"Amenikubali, Mama. Vizuri sana. Kama dada." Akaweka uma chini. "Shule ikiita mzazi, utaenda wewe. Akiugua, utaweka sahihi wewe. Nikikaa nitakuwa naomba ruhusa kwako kila siku, na yeye ananiangalia. Afadhali niwe mbali kuliko hiyo."

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto haoni mambo ya karatasi. Lakini mtoto huyo ndiye aliyetembea Nairobi yote akisema sista, na hakukosea hata mara moja. Laini ilikuwa imerefuka, mwenzangu ananiita. Nikamuuliza binti yangu kama nimwongezee maharagwe. Akasema ameshiba.

Mtoto aliambiwa na mama yake mwenyewe, jioni hiyo, wakiwa nje. Mimi niliwaona tu dirishani. Mtoto aliuliza kitu, akajibiwa, akaitika kwa kichwa, akaingia ndani kufanya kazi ya shule. Hakulia. Afadhali angelia.

Binti yangu aliondoka Alhamisi. Mimi niliamka mapema nimejipanga kumwomba msamaha, kitu ambacho sijazoea, na nilikuwa bado natafuta pa kuanzia huku nikimkaangia mayai. Teksi ya kwenda uwanja wa ndege ikaja kabla ya saa yake. Alikula yai moja akiwa amesimama, akamshika mtoto kichwani, akanipa mkono. Yai la pili nililifunika na sahani, kwa sababu alisema huenda amesahau kitu na atarudi kukichukua.