Kocha Juu ya Toleka Yangu

Watu wa toleka hawakumpenda. Niseme ukweli, hata mimi siku ya kwanza nilimtazama mara mbili. Mtu mnene vile, mabega kama mlango wa depo, amesimama mbele ya soko kuu anainua mkono, na wenzangu wote wanajifanya wanatengeneza minyororo ya baiskeli zao. Kazi yetu ni kubeba abiria kwenye kiti cha nyuma, lakini abiria naye ana kipimo chake. Nikamwambia panda. Kiti kililia, hakikuvunjika. Tangu siku ile mimi ndiye niliyembeba, kutoka Makiso mpaka uwanja wa mchanga kule Mangobo, na kumrudisha.

Pikipiki ziko nyingi Kisangani, na zinakwenda haraka kunishinda, sibishi. Lakini goti lake la kushoto halikunjiki vizuri, na juu ya pikipiki lilikuwa linagusa bomba la moshi na kuungua. Juu ya toleka alilinyoosha pembeni, watu wa njia wakalikwepa.

Habari zake nilizipata vipande vipande, nyuma ya sikio, wakati nakanyaga. Shule yangu ni ya msingi tu, nayo sikuimaliza, kwa hiyo labda sizipangi kama mtu aliyesoma. Alizaliwa Haiti, mji wa kando ya bahari. Mama yake alimpeleka Amerika akiwa bado mtoto. Kule alijifunza mpira wao, ule wa kubebwa mikononi, na ukawa kazi yake ya kulipwa. Alikuwa mlinzi. Mlinzi habebi mpira na hafungi. Kazi yake ni moja, mwenye mpira asipite.

"Sasa watu walikuwa wanakupigia makofi kwa nini?" nilimuuliza.

"Kwa kitu ambacho hakikutokea," alisema.

Lakini jambo alilolirudia zaidi lilikuwa mlango. Timu za kule zinaita watu wengi, zinawafanyisha mazoezi kwenye joto, halafu zinawapunguza. Asubuhi mtu anagonga mlango wa chumba chako anasema mkubwa anakutaka. Hapo umekwisha. Yeye aligongewa. Akachukua mfuko wake, akaenda kulala kwa tonton yake, mjomba wake, katika mji uleule, akawa anakimbia peke yake kwenye uwanja wa shule. Mlinzi mmoja alipovunjika mkono, wakamrudisha. Msimu uliofuata wakamgongea tena, naye akakimbia tena. Mwishoni alicheza miaka kadhaa, mpaka goti lilipokataa.

"Kwa nini hukurudi kwa mama yako?"

"Mama angenipikia. Mtu akishiba hakimbii."

Huku kwetu alikuja na watu wa kanisa wanaochimba visima. Jioni alianza kufundisha mchezo wake. Nilikuwa nikimngoja pembeni na baiskeli, kisha siku moja nikaingia. Nina mke, nina watoto, ndevu zimeanza kuchanganyika. Sijui nilitafuta nini. Najua tu kwamba mara ya kwanza nilipomzuia mtu, akakaa chini na mimi nikabaki nimesimama, nilirudi nyumbani nikinyonga baiskeli kama haina mtu nyuma, na Kocha alikuwepo nyuma.

Halafu kaski zilifika kwa boti kutoka Kinshasa, zile kofia ngumu za kukinga kichwa. Zilikuwa chache kuliko vichwa. Na timu ya Kinshasa ikasema itapanda mto kuja kucheza na sisi. Kocha alisema bila kaski hakuna mtu anayecheza, ameona vichwa vikiharibika, hilo halina mjadala. Kwa hiyo wengine watolewe. Mimi kaski ile niliitaka kuliko kitu chochote ambacho hakiliwi.

Jumapili baada ya misa aliniita. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Tunakwenda kwenye nyumba," alisema. "Mimi nilitumiwa mtu wa kugonga. Hawa nitawaambia mwenyewe, uso kwa uso."

Nilijaribu kumweleza. Hapa, habari mbaya inaletwa na jirani, tena kwa kuzunguka. Mkubwa akiingia nyumbani kwako mwenyewe, siku ya Jumapili, shati limenyooka, amekuja kukuheshimu.

"Vizuri," alisema. "Nawaheshimu."

"Ndiyo shida yenyewe, Kocha."

Hakunielewa. Nikakanyaga.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kaskazini, nyuma ya duka lao. Kijana wao alikuwa mzito wa kuchomoka mchezo unapoanza, nadhani hata yeye alijua. Lakini mama yake alipomwona Kocha mlangoni alitoa kiti kizuri, akaita majirani, akaleta lituma na samaki kabla Kocha hajafungua mdomo. Ndizi za kupondwa zile, ukizikataa umewatukana. Akala. Kisha akasema alichokuja kusema.

Baba wa kijana alijikuna kidevu.

"Bon. Lakini umekula."

"Nimekula, papa."

"Donc umekula chakula yetu, na mutoto yetu umemutosha mu timu."

"Ndiyo, papa."

"Alors maliza samaki. Haina kosa, hiyo."

Kocha akamaliza samaki. Kijana alitusindikiza mpaka barabarani, akanisaidia kusukuma tulipoanza.

Sasa majirani wale walioitwa walikuwa wameondoka kabla ya maneno, na simu zao mkononi. Tulipofika Kabondo, habari ilikuwa imetutangulia, nayo ilisema Kocha anatembelea wale aliowachagua. Nyumba ya pili ilikuwa ya maseremala, Waislamu wa mji huu tangu zamani. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa uani, kuku ameshachinjwa. Kocha aliniangalia. Mimi niliangalia gurudumu.

Nisimwonee kijana wa pale. Mbio zake zilinishinda, na mikono yake pia. Alikosa kitu kimoja, alikuwa anafumba macho wakati wa kugongana. Kocha alipomwambia hivyo, baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante kwa kuja. Bibi yake ndiye aliyecheka.

"Kwa hiyo huyu mutu iko natembea tu kuhuzunisha watu na kula kuku yao?"

"Bibi, nilitaka kusema kwanza."

"Kwanza ulitaka mapaja. Nilikuona."

Hata kijana akacheka, kwa uchungu, lakini akacheka.

Nilipokuwa nashika usukani, tumaini liliniingia. Nilijiambia, kama huyu ametoka, basi labda kaski moja ni yangu. Mara moja nikaona aibu, maana kuku wake nilikuwa nimemla na mimi. Kocha alipanda polepole, amejaa.

"Imebaki moja," alisema. "Twende kwako."

Tulikwenda mpaka soko kuu. Mgonga mlango wa siku ile nilikuwa nimembeba mwenyewe, nyuma yangu, na miguu iliyomsogeza mlangoni kwangu ilikuwa yangu. Ningeweza kuzunguka kwa njia ya Tshopo, kuchelewesha. Sikuzunguka. Nilikanyaga kama siku zote, labda kwa nguvu zaidi, nikitaka aone miguu ilivyo.

Mke wangu alikuwa ameshapigiwa simu. Kiti alikiazima kwa jirani. Pondu ya majani ya muhogo ilikuwa inachemka, na samaki wa wavuvi Wagenia, mkubwa, ambaye kwa kawaida hatumnunui. Kocha alisimama mlangoni. Alikuwa amejifunza.

"Mama, kabla sijakaa."

"Kaa kwanza, Kocha."

"Nikikaa nitakula. Nikila halafu niseme, itakuwa mbaya zaidi." Akanigeukia. "Kaski yako sina. Una nguvu kuliko wengi. Lakini unasimama juu sana. Mtu akija anakuta kifua chako chote, anakusukuma. Nimekuambia mara nyingi."

Ilikuwa kweli. Nilitafuta mahali alipokosea, sikupaona.

Mke wangu aliweka mwiko chini.

"Amekubeba juu ya baiskeli yake, mpaka hapa, ukuje kumufukuza?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani atakurudisha?"

Kocha alikaa, akapokea sahani kwa mikono miwili, akala kidogo sana, jasho likimtoka. Mimi sikuchukua sahani.

"Kesho mazoezi saa ngapi?" nilimuuliza.

"Kesho ni ya wenye kaski."

"Nimesikia. Nauliza nikuchukue saa ngapi."

Aliweka kijiko chini.

"Saa tisa," alisema.

Mke wangu alinisogezea samaki. Nikamwambia nitakula baadaye, nikishiba sitakimbia. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akafunika sufuria.

"Bawazimu babili," alisema, "na baiskeli moja."

Kesho yake saa tisa nilimchukua, nikamfikisha uwanjani. Wenye kaski walivaa. Gunia la pumba za mpunga, lile wanalogonga wakijifunza, lilihitaji mtu wa kulishika kutoka nyuma, na kazi hiyo haihitaji kaski. Nikalishika. Wakaja mmoja mmoja, wakanitupa kwenye mchanga, nikaamka. Wanaonitupa siwalaumu, ndivyo walivyofundishwa.

Ninaendelea kulishika mpaka leo. Asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, nakimbia peke yangu mpaka mtoni na kurudi, nimeinama, watu wakiniuliza nimepoteza nini. Maji ya mto yamepungua, boti kutoka Kinshasa inakwama kwenye mchanga huko chini ya Isangi, na timu ya wageni haijafika. Wenzangu wanasikitika. Mimi, kusema haki, sisikitiki sana.

Jana Kocha alikuwa amekaa juu ya kiti cha toleka yangu, goti limenyooshwa, maana uwanja hauna kiti kingine.

"Chini," aliniambia, nikiwa nyuma ya gunia.

Nikashuka.

"Bado."

Nikashuka tena, mpaka pua ikasikia harufu ya pumba, na yule aliyekuja akagonga gunia, na gunia halikurudi nyuma.

"Rudia," alisema Kocha.