Mkate wa Dengu wa Genova

Shangazi yangu alirudi Kigali mwaka 1991. Alikuwa ameishi miaka mingi Genova, mji wa bandari huko Italia, akimtunza bibi kizee mmoja mpaka alipofariki. Alifikia kwetu, mtaa wa Biryogo. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale barazani, kwa hiyo niliyasikia yote waliyozungumza wageni waliokuja kumwamkia.

Walitaka habari za bahari na makanisa makubwa. Yeye aliwaeleza habari za lifti. Genova imejengwa milimani kama Kigali, alisema, na wenyewe wametoboa mlima, wakaweka lifti ambayo watu huipanda kama basi: mama na kapu lake la mboga, padri, wanafunzi. Karibu na bandari kuna vichochoro vyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

"Na ule mnara wa chuma?" aliuliza jirani yetu muuza vitenge.

"Huo uko Ufaransa."

Jirani alicheka. "Huyu walimufungia jikoni tu. Ulaya hakuiona."

Shangazi akakusanya vikombe vya chai. Wiki kadhaa zikapita hasimulii chochote.

Siku moja mwokaji mikate wa mtaa wetu, mwanamume aliyefiwa na mkewe, alileta suruali ipunguzwe. Akiwa anasubiri, alimuuliza shangazi watu wa Genova wanakula nini.

"Mkate wa dengu," alisema shangazi. "Mwembamba, wanauchoma kwenye sinia la shaba pana kuliko meza hii."

"Furu yao iko ya kuni ao ya umeme?"

"Tanuri la kuni."

"Na dengu, ile ya bajia?"

"Unga ule ule. Na maji, chumvi, mafuta ya zeituni."

"Basi tutaweza, dada."

Mafuta ya zeituni tuliyapata duka la dawa, katika vichupa vya kupaka watoto. Sinia la shaba halikupatikana. Mwokaji akatumia bati la keki. Mkate wa kwanza uligandia humo, ikabidi waubandue kwa kisu, na shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi.

Mara ya pili waliuacha uji wa dengu utulie tangu asubuhi, wakalipasha bati moto kwanza. Ukatoka wa dhahabu, kingo zikilia mdomoni. Shangazi akanyunyiza pilipili manga, akawagawia waliokuwa njiani. Muuza vitenge alikula vipande viwili, akajifuta vidole.

"Na hiyo lifti," aliuliza, "inafika mupaka juu kabisa?"

"Mpaka juu. Ukitoka unaiona bandari nzima."

Vita vilikuwa kaskazini, na unga ulipatikana kwa shida, lakini kila Jumamosi mwokaji aliendelea kuchoma mkate ule. Yeye na shangazi walioana mwaka 1993. Shangazi alikuwa amepita miaka hamsini. Watu walisema mengi, wao wakafanya karamu ndogo uani kisha wakahamia Mwanza kwa kaka yake bwana harusi.

Baba aliahidi kwamba tungewatembelea baada ya mvua za masika. Tulikwenda kabla mvua hazijaisha, Aprili ya 1994, kwa miguu, bila kufunga mlango.