Haidroksidi Wawili Waliokataa Kukaa Mkeka Mmoja

Mwalimu Rhoda Mashimba hakujua kusema kwa sauti ndogo. Akifundisha kemia, hata wapima pamba wa ng'ambo ya barabara walijua leo ni mada gani. Alizaliwa Ipililo, akaja Bariadi mwaka wa tisini na tano, biashara ya pamba ilipokwisha kuachiwa huru, watu binafsi wakaanza kuinunua kwa magari yao. Baadhi yao walichangishana wakaanzisha sekondari ndani ya ghala la zamani. Maabara ilikuwa na meza, na mfuko wa chokaa aliotoa Mzee Mboje, mmoja wa wanunuzi hao, ili kuta zipakwe.

Rhoda akaamua kufundishia ile chokaa. Ikiyeyuka majini, alisema, kila kalsiamu moja hutoka na haidroksidi mbili. Maji yakishashiba, ukizidisha kiasi cha kalsiamu kwa kiasi cha haidroksidi, kisha kwa haidroksidi tena, jibu halibadiliki: sehemu tano na nusu za milioni. Tafuteni basi kila moja ni kiasi gani.

Wiki nzima darasa lilikosa. Wote walisahau kwamba haidroksidi ni mara mbili ya kalsiamu.

"Nje wote!" akanguruma Rhoda.

Uwanja wa vumbi ukawa maji. Mkeka ukawa chokaa isiyoyeyuka, na juu yake wanafunzi wakakaa watatu watatu, kalsiamu mmoja katikati ya haidroksidi wawili, wameshikana mikono. Wengine walizurura uwanjani. Hao ndio walioyeyuka.

"Sasa naongeza haidroksidi kutoka nje," alisema Rhoda. "Zikizidi, kalsiamu atashika mbili arudi mkekani."

Akamwita mpishi, Bi Nyamizi, aliyetoka jikoni na mwiko mkononi. Wakati huohuo Mzee Mboje akaingia na lori lake kuangalia kama kuta zimepakwa.

"Mwadila, mwalimu," akasalimu Mboje kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Umefika wakati mzuri. Wewe ni haidroksidi."

"Mimi ni Mboje."

Kabla hajamaliza kushangaa, Salu, mwanafunzi aliyekuwa kalsiamu, alimkamata mkono wa kushoto, akamkamata Bi Nyamizi wa kulia, akawakalisha mkekani. "Tayari! Tumekuwa chokaa!"

Hapo ndipo wawili hao walipotazamana. Bi Nyamizi ni mama mzazi wa mke wa Mboje, na Msukuma hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake. Hata njiani humpisha. Mboje aliruka kama aliyekalia siafu akajificha nyuma ya lori lake. Bi Nyamizi alijifunika kanga usoni, akakimbilia jikoni akiupapasa ukuta.

"Mwalimu!" Mboje alipiga kelele. "Mwambie mama sikumwona!"

"Bi Nyamizi, anasema hakukuona!"

"Mwambie mimi pia sikumwona!" akajibu Bi Nyamizi kutoka jikoni.

"Baba, anasema naye hakukuona!"

Walisikiana vizuri kabisa, lakini Rhoda alipeleka kila neno kwa uaminifu.

Salu alibaki amekaa peke yake, mikono hewani. "Mimi je, mwalimu?"

"Umeyeyuka! Na haidroksidi mbili zimetoroka majini, kwa hiyo chokaa nyingine lazima iyeyuke. Ninyi watatu, inukeni!"

Wakainuka: kalsiamu mmoja, haidroksidi wawili. Flora, aliyekuwa hajawahi kupata hesabu hiyo, akapiga ukelele. "Kumbe unazidisha kalsiamu kwa mbili kwanza, halafu ndipo unazidisha haidroksidi zenyewe kwa zenyewe!" Akachuchumaa, akaandika vumbini kwa kidole: mbili mara mbili ni nne, nne mara kiasi cha kalsiamu kilichozidishwa chenyewe mara tatu. Akapata kalsiamu sifuri nukta sifuri moja moja, na haidroksidi sifuri nukta sifuri mbili mbili, moli kwa lita.

Rhoda alishangilia hadi wapima pamba wakaacha mizani.

Jioni Mboje alimtuma mjumbe ampelekee mama mkwe mbuzi wa kuomba radhi, naye akampokea. Na kikao cha bodi ya shule kilipofuata, yeye ndiye aliyepigania shule inunue kemikali za kweli, chupa kabati zima, mradi mwalimu Rhoda afundishie ndani na mlango ufungwe.