Sahani ya Kaka Godi

Harufu ya vitunguu vinavyoanza kubadilika rangi kwenye samli ndiyo iliyoniambia kuwa leo Jumapili, hata kabla sijafumbua macho. Ilitoka kwenye jiko la mkaa uani kwetu, Kariakoo, katika nyumba ya vyumba vingi tuliyopanga pamoja na watu wa Lindi na Songea, sisi tukiwa Wachaga pekee. Wenzetu walipika pilau au samaki wa Feri. Mama yangu alipika maini ya kuku kwa malai. Watu wote walimwita Mama Godi, kwa jina la kifungua mimba wake, kaka yangu Godlisten. Mimi, Neema, niliyezaliwa miaka mingi baada ya kaka, nilikua nikidhani hilo ndilo jina alilobatizwa.

Maini tuliyanunua sokoni kwa wanawake waliouza vya ndani vya kuku. Mama aliyachambua moja moja, akiiondoa nyongo kwa ncha ya kisu huku amebana pumzi, maana nyongo ikipasuka sufuria nzima inakuwa chungu. Malai aliyakusanya kidogo kidogo: kila jioni maziwa yakishachemka na kupoa, alieng'ua utando wa juu akauweka kwenye kikombe cha bati. Yalichachuka kidogo, na mwenyewe alisema uchachu huo ndio utamu. Maini yaliingia vitunguu vikishaiva, pamoja na saumu na pilipili manga, yakageuzwa kwa haraka ili ndani yabaki laini. Sufuria ikiepuliwa ndipo malai yalipotiwa, kwa sababu moto ukizidi yanakatika. Mama Somoe, jirani yetu wa Lindi, hakuacha kumchokoza. "We Mama Godi, maini na maziwa wapi na wapi? Tia tui, shoga!" Mama alimjibu, "Tui lako mpe mumeo. Haya ni ya Godi." Na kweli yalikuwa yake. Utotoni malaria ilimkausha kaka akakataa kila aina ya nyama, na maini hayo ndiyo yaliyomrudishia mwili.

Mwaka ninaousimulia, Godi aligombana na baba. Baba alikuwa na duka la ndoo na mabeseni, na alitaka mwanawe wa kiume asimame naye pale. Godi alitaka kwenda Sauzi, Afrika Kusini, kama vijana wengi wa mtaani. "Baba, mimi sikuzaliwa kuuza ndoo," alisema, na maneno hayo yalimchoma baba kuliko tusi. "Basi nenda," baba akamjibu. "Njaa itakurudisha." Masika yalikuwa yamekwisha alipoondoka na begi moja begani. Mlangoni alimshika mama mabega, akacheka kicheko chake cha kupandisha nyusi, akasema, "Mama, we niwekee tu maini. Krismasi naenda na nyinyi nyumbani." Nyumbani ni Kilimanjaro, ambako kila Desemba tulipanda na ukoo wote. Kwa hiyo tukaanza kuisubiri Desemba.

Katika nyumba zetu, mtu asiyekuwepo mezani huwekewa chakula chake. Kila Jumapili mama alimpakulia baba, akanipakulia mimi, akajipakulia yeye, kisha akachagua maini manono kuliko yote akayaweka kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Aliifunika kwa sahani nyingine, akaipandisha juu ya kabati. Ilikaa hapo mpaka Jumatatu asubuhi, na asubuhi hiyo mama aliila mwenyewe, amesimama, mchuzi umeganda, bila kuupasha moto. Nilipomwomba anionjeshe alinikatalia. "Chakula cha mwanangu hakitupwi, wala hakigawiwi," alisema. Majirani walimwambia subira huvuta heri, na mpaka leo methali hiyo inanikera. Baba alipita mbele ya kabati kama halipo, lakini siku moja nilimwona akiinua kile kifuniko, akachungulia, akakirudisha taratibu asisikike.

Ilikuwa Jumapili karibu na Desemba, vitunguu vimeshaiva, alipokuja kijana mmoja aliyekuwa na Godi huko Sauzi. Alimwamkia mama shikamoo bila kumtazama, akaingia chumbani na wazazi wangu, mlango ukafungwa. Nilibaki nikilinda jiko. Alipotoka alinipita ameinamisha kichwa. Mama naye akatoka, akachutama penye jiko, akatia maini, akayageuza, akaepua sufuria, akatia malai. Sijui mikono ya kuimaliza kazi ile aliipata wapi. Kisha akaanza kupakua. Alimpakulia baba, akanipakulia mimi, akajipakulia yeye, akaikwangua sufuria kwa mwiko mpaka ikawa nyeupe. Sahani ya ukingo wa buluu ilikuwa bado imelala kifudifudi kwenye kabati.

"Mama, na ya kaka?" niliuliza.

"Kula, mwanangu."

Hapo baba akaisukuma sahani yake, akalia kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo. Mama Somoe aliisikia, akapiga yowe mlangoni kwake, na ua ukajaa watu.

Godi alizikwa huko huko. Desemba tulipanda Kilimanjaro hivyo hivyo, na wenzetu walipokwenda kufyeka nyasi kwenye makaburi ya watu wao, sisi hatukuwa na pa kwenda. Tuliporudi, majirani kwa huruma walianza kumwita mama yangu Mama Neema. Hakugeuka. Walimwita tena, akaendelea kufua. Mpaka Mama Somoe aliposema, "Mama Godi," ndipo akaitika, "Abee." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nimeuelewa sawasawa baada ya kuzaa.

Leo nyumba ile haipo, pamesimama ghorofa la maduka. Malai yanauzwa kwenye maboksi, na maini unayakuta yamegandishwa, yameshaondolewa nyongo. Nayapika karibu kila Jumapili, nami huepua kabla sijatia malai. Jirani zangu wote huwafunikia waume zao chakula, wachelewe watakavyo. Wangu naye hufunga duka giza limeingia. "Si unifunikie tu, mke wangu, ule ulale?" huniambia. Nakataa. Namsubiri na njaa yangu, maini mabichi kwenye bakuli, mpaka nisikie viatu vyake ngazini ndipo niwashe moto. Huwasimulia rafiki zake kwamba ana mke anayempenda kupita kiasi. Nampenda, ni kweli. Lakini sijamweleza kwamba katika nyumba yangu hakuna mtu atakayewekewa chakula, kwa kuwa wa kwanza kuwekewa bado hajarudi kukila.